Tonge la tatu
Jana ugali uliniumbua ukweni, Tukuyu. Tonge la tatu likakwama hapa kifuani, mate yakajaa mdomoni, jasho likanitoka na baridi yote ile. Nikakimbilia nje kwenye migomba. Niliporudi, mama mkwe akaniuliza taratibu, "Mwanangu, una mimba?" Mume wangu akaangalia dari.

Sina mimba. Huu ni mwezi wa nne tangu nipunguzwe tumbo la chakula kwa upasuaji. Waliondoa zaidi ya robo tatu, kilichobaki ni chembamba kama ndizi. Na kosa langu nalijua: niliona aibu kuacha chakula cha watu, nikala haraka, nikashushia na maji. Nilishaambiwa maji ni nusu saa baada ya kula.

Nyumbani Mbeya mambo yanakwenda. Kijiko cha chai, kisahani cha mtoto, natafuna mpaka kiwe uji. Naanza na samaki au maharage ya kupondwa. Parachichi linateleza bila ugomvi. Wali wa Kyela, niliokuwa napiga sahani mbili, siku hizi naunusa tu.

Leo mama mkwe katuma dumu la maziwa mgando. Hajauliza tena, ila nahisi bado anahesabu miezi.