Redio ya mama imerudi hewani

Wiki nzima kompyuta ya mama ilikuwa kimya. Ni ya mezani, ya Windows 7, na ndiyo inayomletea redio ya Tanga kila asubuhi huku Mwanza, maana FM yake haifiki. Ukibofya pa kusikiliza, kiduara kinazunguka weee, kisha linakuja onyo la usalama. Jirani akashauri tununue mpya. Iliniuma.

Jana nikatupia jicho kwenye saa pale chini pembeni: Januari 2009! Kumbe. Tovuti za siku hizi zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta ikiamini bado ni 2009, cheti cha leo inaona hakijaanza kutumika, inagoma kuunganisha. Nikachomoa umeme, nikafungua ubavu (vumbi lake acha tu), nikatoa ile betri bapa kama sarafu inayotunza saa umeme ukizimwa, aina ya CR2032 ya volti 3; ilikuwa imekwisha. Nikaweka mpya, nikarekebisha tarehe.

Ukurasa ukafunguka, ila sauti ikawa inakatika-katika kwa sababu kivinjari kilimeza memori yote. Nikaibandika anwani ya matangazo moja kwa moja kwenye VLC, programu ya kuchezea sauti na video, nikaongeza muda wa kuakiba, yaani kukusanya sauti kidogo kabla ya kuicheza, hadi milisekunde 5000. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde, saa nzima inakula kama MB 29, bando linahimili.

Taarabu ilipoanza, mama aliacha kuchambua mchele, akakaa kimya anasikiliza. "Asante mwanangu," akasema, "leo nipo nyumbani."