Siku moja maishani mwangu: vipokezi vitatu na bikoni moja

Saa 12 asubuhi

Kazi yangu ni kupima vipokezi vya GPS vya mkononi kabla ya kukabidhiwa waongoza misafara na vikosi vya uokoaji. Leo ninavyo vitatu: kimoja cha zamani kinachosoma setilaiti za GPS ya Marekani peke yake, cha pili kinachoongeza GLONASS ya Urusi na Galileo ya Ulaya, na cha tatu kinachopokea masafa mawili, L1 na L5. Naviwasha uwanjani na kuviacha vitulie. Kipokezi kilicholala kabatini miezi kadhaa hakijui ni setilaiti zipi ziko juu yake, na kuipokea almanaka nzima (orodha ya njia za setilaiti zote) kutoka angani huchukua dakika 12 na nusu. Wanaowasha na kuanza kutembea hapo hapo ndio wanaolalamika sana.

Saa 1 na nusu

Mipangilio. Datumu, yaani msingi wa kuhesabia koodineti, ya vyote iwe WGS84, sawa na koodineti za bikoni nitakayoitumia, alama ya wapimaji ardhi. Ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa datumu nyingine, na ukichanganya mbili bila kubadilisha, nukta inaweza kuhama mamia ya mita huku kila chombo kikifanya kazi yake vizuri. Kisha desimali: tano za digrii. Tarakimu ya tano ni kama mita 1.1 hivi kaskazini–kusini. Ya nne ni mita 11, kwa hiyo skrini yenye desimali nne haiwezi kuhukumiwa kwa mita 3.

Saa 3

Tuko kwenye bikoni, zege lenye msumari katikati. Wapimaji ardhi wanajua ilipo kwa sentimita. Kijana ninayemfundisha anaangalia skrini.

“Mzee, hiki cha zamani kinasema mita 3. Kile kingine mita 5. Cha zamani kimeshinda.”

“Nani kasema mita 3?”

“Chenyewe.”

Ndiyo hapo sasa. Kipokezi hakiioni bikoni. Kinakadiria kosa lake kutokana na jinsi setilaiti zilivyojipanga na nguvu ya mawimbi, ni mtahiniwa anayejisahihishia mtihani. Tena kila mtengenezaji ana duara lake la kosa: mmoja anaonyesha lile ambalo ukweli huangukia ndani nusu ya nyakati tu, mwingine anachora pana zaidi. Tulipolinganisha na msumari, cha “mita 3” kilikuwa nje kwa mita 7, cha “mita 5” kwa mita 4.

(Wazee wa kazi hii huwa tunacheka ubishi huu. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikivuruga mawimbi ya kiraia makusudi, na kosa liliweza kufika mita 100.)

Tunaandika usomaji kwa dakika 20. Nukta za cha zamani zimebanana vizuri, lakini zote kaskazini-mashariki mwa msumari. Kijana alitaka kuchukua wastani na kufunga daftari. Wastani wa nukta zilizokosea upande mmoja nao unakosea upande huo huo. Ucheleweshaji wa mawimbi kwenye ionosfia, tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme, hubadilika polepole, na mpangilio wa setilaiti vilevile, kwa hiyo lazima urudi baada ya saa kadhaa. Kurudi kesho saa ile ile hakusaidii sana: setilaiti za GPS hujipanga tena karibu vilevile kila baada ya saa 23 na dakika 56.

Saa 6 mchana

Chini ya jabali, miti juu yetu, kwenye alama niliyoivusha kutoka bikoni kwa mashine ya wapimaji. Hapa ndipo pesa ya kipokezi inapoonekana. Mawimbi yanagonga mwamba na kufika yamechelewa, na nanosekunde moja ni sentimita 30. Cha zamani kimehamia ng'ambo ya kijito. Cha masafa mawili kimebaki karibu, maana mawimbi ya L5 yanarahisisha kutenganisha yaliyonyooka na yaliyoakisiwa. Namkumbusha kijana asikikumbatie kifuani. Mwili wa mtu unaziba nusu ya anga.

Saa 8

Chakula. Cha zamani, kikiwa juu ya jiwe, kimejiandikia mita 140 za “safari”.

Saa 10 jioni

Bikoni tena. Nukta za cha zamani sasa ziko kusini. Mwinuko ni mbaya zaidi kwa vyote vitatu, jambo la kawaida: setilaiti zote ziko upande wa juu, hakuna iliyo chini ya miguu yetu ya kusawazisha hesabu.

Saa 2 usiku

Nachora nukta za asubuhi na jioni pamoja, kisha duara linalobeba asilimia 95 ya nukta hizo. Cha masafa mawili kinaenda kwa waokoaji wa mabondeni, pamoja na betri za akiba kwa sababu kinakula chaji. Cha zamani kinatosha nyika wazi, kutafuta njia panda. Cha pili sikipitishi bado: duara lake la jioni ni pana kuliko la asubuhi na sijaona sababu, kwa hiyo keshokutwa kinarudi bikoni usiku.