Kuta za Njiani, Moshi hadi Chuga

Ukipanda kosta Moshi kwenda Arusha, kaa dirishani na simu iache mfukoni. Ni kilomita kama 80 tu, lakini njia nzima kuna cha kusoma.

Boma Ng'ombe nilianza na lile tangazo lisilokosekana mji wowote: NYUMBA HII HAIUZWI. Rangi nyekundu, herufi kubwa mwanzoni, halafu zinabanana kuelekea kona kwa sababu ukuta umekwisha. Mgeni atashangaa, kwani nani kauliza bei? Sisi tunaelewa: ama ndugu wanagombea mirathi, ama kuna tapeli ameshakula hela ya mtu.

Mbele zaidi nikaona alama za X kwenye nyumba za kando ya lami. Herufi ni moja, inayosema ni rangi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. X ya kijani maana yake umeguswa na nyongeza, subiri fidia. Nyekundu maana yake wewe ndiye uliyeifuata barabara, bomoa mwenyewe. Sijui barua gani ya serikali inasomwa haraka kiasi hicho.

Usa River na Tengeru kuna nyumba nzima nzima zilizopakwa rangi za kampuni za simu. Hizo nilizipita tu.

Nikashuka Sanawari, bodaboda ikanifikisha Ngarenaro. Chuga, yaani Arusha yenyewe, ni mji wa hip hop. X Plastaz walitoka hapa, wakichanganya rapu na nyimbo za Kimaasai. Ila katika nguzo nne za hip hop, yaani kuchana, u-DJ, kudansi na grafiti (michoro ya ukutani), grafiti ndiyo yatima. Mchanaji anashangiliwa, mchoraji anaambulia madoa kwenye suruali.

Chalii niliyemkuta alikuwa juu ya ngazi nje ya saluni ya kiume, saa tano asubuhi, jua kali. Ukuta alishaupiga rangi ya maji kwanza. "Bila hivyo plasta inakunywa spreyi yote, braza, unakula hasara," aliniambia, huku akitikisa kopo mpaka kigololo cha ndani kikalia. Makopo yenyewe ni yale ya kupulizia magari. Akitaka mstari ulionyooka anazuia kwa kipande cha boksi, anapuliza, anakitoa: shavu la mwanamume mwenye panki limepata ukingo.

Nikamkumbuka TAKI 183 wa New York, kijana tarishi aliyeandika jina lake la utani na namba ya mtaa wake kila alikopita, hadi gazeti la New York Times likamwandika mwaka 1971. Yule hakuomba ruhusa kwa mtu. Huyu wetu amepiga hodi, amepatana bei, na chai kaletewa. Wapo watakaosema hiyo siyo grafiti halisi. Mimi naona kumshawishi mwenye ukuta ni kazi ngumu kuliko kumkimbia polisi.

Na ubishi haukukosekana. Kinyozi alitoka na wembe mkononi, akataka lipa namba, ile ya wateja kulipia kwa simu, iandikwe katikati ya picha, kubwa, ionekane kutoka barabarani.

"Unaniharibia sura, bosi."

"Sura inanilipa kodi ya fremu?"

Wakavutana mpaka mteja aliyekuwa kwenye kiti akachungulia na povu kidevuni kuamua kesi. Namba ikaandikwa kwenye cheni ya dhahabu shingoni mwa yule mwanamume, tarakimu moja kwa kila kidani.