Na maji yetu umeyanywa

Nimerudi Mbeya tangu Jumanne, leo Ijumaa, na bado naosha vyombo huku nikimjibu bibi yake Salma, mke mpya wa mpwa wangu. Kwa sauti. Jana Neema kaniuliza naongea na nani, nikamwambia nasali.

Mnakumbuka nilivyohangaika na zawadi ya kupeleka harusini kwao, Rufiji. Shangazi wa bwana harusi haendi ukweni mikono mitupu. Baba Neema akasema tubebe maparachichi, nikamwambia kwa joto la kule yatafika uji. Nikachagua kilo hamsini za mchele wa supa mpya kutoka majaruba ya kaka kule Ubaruku, Mbarali, nimeupepeta mwenyewe, huoni chenga wala jiwe. Kwamba nampelekea mchele mtu wa Rufiji, watu waliolima mpunga na kulala juu ya madungu wakiulinda tangu enzi za mababu, hilo halikunijia mpaka pale bandarini Nyamisati, nilipomwona kijana wa boti ananyanyua gunia, ananiangalia, anaguna.

Nikaha ikafungwa salama, wazee wakapatana, mpwa wangu akalia mbele za watu, nami nimepoteza kitenge kimoja. Hayo yamepita.

Ila mchana wa siku ya pili tuliketi mkekani, wali wangu umepikwa kwa nazi, kamba wa kukaanga pembeni. Bibi akamega tonge. Akatafuna taratibu, kama mtu anayetafuta jiwe. Wanawake wote wakanyamaza wakimtazama.

"Mtamu, mkwe."

Nikaanza kuvimba kichwa.

"Usiwe mtamu kwa nini," akasema, "na maji yetu umeyanywa?"

Mkeka mzima ukacheka. Nami nikacheka. Halafu, kwa kukosa la kusema, nikamwambia, "Karibu, bibi." Nyumbani kwake, jamani, kwenye mkeka wake, chakula kimepikwa na wajukuu zake, mimi ndiye namkaribisha.

Tangu siku hiyo nimemjibu mara mia. Tukiwa kwenye basi, pale Ruaha Mbuyuni madirishani wakituuzia vitunguu, nilimwambia: bibi, Rufiji haiishi kwa mto wetu wa Ruaha Mkuu peke yake, hata kama majaruba yetu huyanywa maji yake kabla hayajawafikia; maji mengi zaidi yanatoka mto Kilombero, na Luwegu nayo inaleta yake. Yule bibi wa kichwani mwangu hashindwi. Akanijibu: Kilombero ni jirani yenu, mkagombane wenyewe. Tulipofika Mafinga, baridi imeshaanza kutung'ata, nikamwambia: kati yangu na wewe kuna mabwawa ya Mtera na Kidatu, na sasa kuna bwawa la Mwalimu Nyerere la megawati 2,115, yakichelewa maji kaulize huko. Akasema: na mwaka 2024 mafuriko yalipobeba mashamba yetu, hukutaka kuulizwa, sivyo?

Hapo nikanyamaza mpaka daraja la Igawa, kwetu Mbarali.

Kinachonikera ni kwamba hakusema uongo. Mtu yeyote wa Mbarali anajua kwamba tangu 1993 Ruaha Mkuu hukatika kiangazi kule Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabaki kubanana kwenye vidimbwi vya matope. Waulize wakulima, watakwambia ng'ombe. Waulize wafugaji, watakwambia mifereji. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa kwenye ardhi oevu ya Ihefu, wengine wakapelekwa hukohuko Pwani na Lindi, na kiangazi mto uliendelea kukatika.

Na mimi? Nilishawahi kumshikia kaka tochi. Saa nane za usiku, mwezi wa kwanza, zamu ya maji si yetu, yeye yuko mferejini mpaka kiunoni anang'oa ule ubao unaozuia maji. Maji yakaingia jarubani yanagugumia kama mtoto anayenyonya. Tulirudi nyumbani tukicheka. Kesho yake mzee wa shamba la chini akapita kutusalimia, tukamwitikia vizuri tu. Sijawahi kuliandika hili hapa. Nadhani yule bibi aliliona usoni mwangu, ingawa Baba Neema anasema bibi alikuwa ananitania tu na mimi napenda kujitesa.

Pengine. Maana siku ya kuondoka ni yeye huyohuyo aliyenifungia kamba wakavu kwenye kikapu, akanipa na mkeka wa ukindu, akanishika mkono mpaka botini, magoti yake yale. Maji yalikuwa yamejaa, mikoko imezama mpaka kwenye matawi. Mjomba wake Salma, aliyekuwa anaendesha, alinifundisha: huu mkandaa, ule mchu, kule mbele kabisa inakopiga bahari ni mililana. Mimi kwangu yote ilikuwa mikoko tu, kama yeye akija Uyole na kuiita mikaratusi yote miti. Furukombe akalia juu yetu. Kwenye mkondo mmoja akazima mashine kwa sababu kulikuwa na viboko watatu mbele, nikasahau adabu ya mkwe, nikamkumbatia mtu nisiyemjua.

Tukiwa tumesimama hapo, mjomba akachota maji kwa kiganja, akalamba. Nikauliza anafanya nini. Akasema mto ukidhoofika chumvi inapanda, hapo mpunga haupandwi, kwa hiyo wao hulamba. "Leo tamu," akasema.

Nami nikachota. Maji ya kahawia, yana uvuguvugu, ladha ya udongo. Matamu kweli. Nilifurahi kijinga, nikakaa nimeshika kiganja mdomoni kama mtoto, najaribu kutambua kama kuna tone lililopita Igawa. Huenda yote yalikuwa ya Kilombero! Nilicheka mwenyewe mpaka Nyamisati, na hata sasa nikikumbuka nacheka, kisha nakumbuka "Karibu, bibi" na kicheko kinakata.

Kaka kapiga simu jioni kuuliza kama mchele uliwapendeza. Nimemwambia sana.

Nilitaka kuendelea, lakini mwenye fremu yangu pale sokoni ameacha ujumbe: "Mama Neema, nitapita Jumatatu tuongee." Tuongee nini, na kodi nimelipa mpaka Desemba? Nimempigia mara mbili, haipokelewi.