Pemba ina mali, ila inapandishwa boti ikiwa mbichi

Kila ikitajwa habari ya uwekezaji Pemba utasikia hoteli, hoteli, hoteli. Mtu anakuonyesha picha ya ufukwe wa Vumawimbi, mchanga mweupe hauna hata nyayo, anakwambia hapa zikijengwa hoteli tano tu basi kisiwa kimeshatoka. Sina ugomvi na hoteli na huko chini nitazifikia, lakini mie naona hela ya Pemba ipo leo hii, ipo shambani na ipo baharini, tatizo inatoka kisiwani ikiwa mbichi na zile kazi zenye faida zinaenda kufanywa na watu wengine mbali huko. Kwa hiyo leo nataka tuongee kuhusu hapo katikati, kati ya shamba na bandari.

Kwa wasioijua, Pemba ni kisiwa cha pili kwa ukubwa Zanzibar, kipo kama kilomita 50 hivi kaskazini ya Unguja, kina mikoa miwili na wilaya nne, Wete na Micheweni kwa kaskazini, Chake Chake na Mkoani kwa kusini, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya laki tano na arobaini elfu. Ardhi yake ni ya vilima na mabonde, udongo mzuri, mvua ya kutosha, yaani ukiteremka kilima unakuta bonde la mpunga, ukipanda kingine unakuta mikarafuu na migomba. Unguja haiko hivyo.

Tuanze na karafuu mana huwezi kuizungumza Pemba ukairuka karafuu. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu mingi sana ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo hadi leo sehemu kubwa ya karafuu zinazoitwa za Zanzibar zinatoka Pemba. Msimu ukiingia kisiwa kizima kinabadilika. Wachumaji wanakwea tangu asubuhi, wanalipwa kwa pishi (kipimo chetu cha ujazo), wengine wanapiga kambi huko huko mashambani, jioni magunia yanashushwa nyumbani na hapo ndio kazi ya kina mama na watoto inaanza, kuchambua, yaani kuitoa karafuu kwenye konyo moja moja, barazani, mpaka usiku, vidole vinakuwa vyeusi na harufu haitoki hata uoge vipi. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi, uwanjani, kando ya barabara, popote penye jua.

Sasa hapo kwenye kuanika ndipo ninapotaka mtu mwenye mtaji apaangalie vizuri. Karafuu mbichi kilo tatu ukikausha unapata kama kilo moja kavu, na kwa jua zuri inachukua siku tatu nne hivi. Lakini msimu wenyewe unagongana na mvua za vuli, wingu likitanda utaona mtaa mzima unakimbia kukunja majamvi, na karafuu ikishalowa au ikirundikwa mbichi inavunda, inapoteza rangi na mafuta, inashuka daraja. Bei ya daraja la kwanza ilikaa miaka kadhaa kwenye shilingi 14,000 kwa kilo, kwa hiyo gunia la kilo 50 ni shilingi laki saba, piga hesabu mwenyewe mkulima anapoteza kiasi gani magunia yake yakishuka daraja kwa sababu ya mvua ya siku mbili tu. Mtu akileta makaushio mazuri, hata yale ya jua yenye paa la nailoni, akaweka kwenye shehia, yaani eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha, akatoza ada kwa kilo, wateja anao tayari na hahitaji hata kuwatafuta. Si mradi wa mabilioni, ni kitu ambacho watu watano wakichanga wanaweza.

Muhimu ujue mapema, karafuu yenyewe huwezi kuja ukanunua tu kwa mkulima ukasafirisha. Mnunuzi ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na kuna Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya 2014 inayosimamia mambo yote hayo, na ukionekana unavusha karafuu usiku kwa mashua kwenda Kenya hayo ni magendo na watu wanafungwa. Wapo wanaolalamika kuhusu mnunuzi mmoja, na mie naona hoja yao ina uzito kwa sababu mkulima akikosa pa kuchagua hana nguvu, lakini pia nakumbusha kwamba shirika hilo hilo linalipa fidia kwa wachumaji wanaoanguka mikarafuuni, na miche inagawiwa bure kutoka vitalu vya serikali, mfanyabiashara binafsi ambaye anaangalia msimu mmoja tu hatofanya hayo. Na miche inahitajika kweli kweli, mikarafuu mingi ni mizee na mkarafuu mpya unachukua miaka mitano na kuendelea mpaka uanze kuzaa. Anayepanda leo anapandia watoto wake.

Halafu kuna makonyo. Lile konyo linalobaki baada ya kuchambua lina mafuta, na pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo pamoja na mafuta mengine kama ya mchaichai na mkaratusi. Mafuta haya yanatumika kwenye dawa za meno, sabuni, manukato. Lakini chupa ndogo yenye lebo nzuri, ile ambayo mtalii au mteja wa Dubai anaitoa hela bila kuuliza mara mbili, hiyo bado ni nadra kutengenezwa kisiwani kwetu. Kufungasha, kuweka lebo, kupata cheti cha ubora, kuchanganya na iliki na mdalasini na pilipili manga ambavyo vyote vinaota hapa hapa, hiyo ndio faida inayotukimbia.

Mwani nao ni hivyo hivyo na labda unauma zaidi. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 80 na leo kina wakulima zaidi ya elfu 20, wengi wao ni wanawake. Maji yakitoka wakati wa bamvu utawaona wameinama kwenye maji ya magoti, vigingi vimepigwa mistari, wanafunga vipande vya mwani kwa taitai, vile vikamba vyembamba, kwenye kamba, jua la saa sita juu ya kichwa. Kuna aina mbili, spinosamu ambayo ni rahisi kuota na bei yake ni ndogo, na kotonii ambayo bei yake ni nzuri ila haipendi maji ya moto, upande wa Unguja ilikufa sana na Pemba ndio ikabaki kuwa sehemu inayoota vizuri kidogo. Joto la bahari linazidi kupanda, kwa hiyo mtu akiwasaidia kina mama hawa wapate boti na vifaa vya kulima maji ya kina kirefu zaidi ambako kuna ubaridi atakuwa ameleta kotonii nyingi sokoni na yeye mwenyewe atapata mzigo wa uhakika.

Mwani ukikauka unafungwa marobota unaenda nje, huko unatolewa ile karajina inayowekwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno, kisha tunainunua aiskrimu hiyo. Serikali imejenga kiwanda cha mwani Chamanangwe, Wete, na mie naombea kifanye kazi muda wote na kisiwe jengo la kupiga picha, mana kiwanda kikiwa kinasaga na kusafisha hapa hapa basi bei inaanza kupangwa karibu na mkulima. Pembeni yake kuna nafasi ya watu wadogo, sabuni za mwani, unga wa mwani, chakula cha kuku, vikundi vya kina mama wanavitengeneza tayari, wanachokosa ni mashine na soko, bidhaa wanayo.

Samaki sasa. Mkondo wa Pemba ni wa kina kirefu sana na samaki wakubwa wanapita karibu na ufukwe kuliko sehemu nyingi za pwani hii, jodari, nguru, sulisuli. Wavuvi wa Kojani wanajulikana pwani nzima kwa dago, yaani kambi za uvuvi, wanaweza kuhama na familia kufuata samaki. Lakini nenda soko la Tumbe asubuhi samaki wakiingia wengi, bei inaanguka mbele ya macho yako kwa sababu barafu hamna ya kutosha, na mvuvi anajua ikifika mchana samaki wake ni hasara. Barafu! Kitu kidogo hivyo. Mtambo wa barafu na chumba cha baridi karibu na diko, pale samaki wanaposhushwa, gari moja lenye friza la kuwahisha mzigo bandarini, mvuvi hatouza tena kwa kuogopa jua. Dagaa nao wana soko mpaka Kongo, wanunuzi wanafuata wenyewe. Na Kisiwa Panza watu walikubaliana kufunga eneo la pweza kwa miezi, wakifungua pweza wanakuwa wakubwa, hii ni akili ya kijiji na mwekezaji wa maana ataiheshimu na kununua kutoka kwao kwa bei nzuri.

Mtu ataniuliza, umeme je? Zamani Pemba ilikuwa inategemea majenereta ya dizeli pale Wesha na ilikuwa mateso, lakini tangu 2010 kuna waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, zaidi ya kilomita 70, Norway ndio waliotoa sehemu kubwa ya hela. Kwa hiyo mtu anayesema huwezi kuweka friza Pemba anaongelea Pemba ya zamani. Kinachobaki kuwa kikwazo kikubwa kwa mtazamo wangu ni usafiri. Bandari kubwa ni Mkoani, iko kusini kabisa, mzigo wa Micheweni unapanda na kushuka vilima kisiwa kizima kabla haujaona bahari tena. Bandari ya Wete ikiimarishwa, barabara ya Chake kwenda Mkoani ikijengwa upya na uwanja wa ndege ukapanuliwa kama ilivyopangwa, gharama itashuka sana, na ndipo hata hizo hoteli zitakuja zenyewe bila kubembelezwa.

Hoteli basi. Zipo chache na ni za bei kali, kule Ras Kigomasha kuna ile yenye chumba chini ya maji kilichofunguliwa 2013, ukilala unaangalia samaki dirishani, watu wanatoka Ulaya kuja kulala humo tu. Kuna kupiga mbizi kisiwa cha Misali, kuna msitu wa Ngezi, kuna popo wa Pemba ambao hawapatikani pengine popote duniani, kuna magofu ya Pujini na Ras Mkumbuu. Mie ningependa utalii wa Pemba ubaki hivi, wageni wachache wanaolipa vizuri, kwa sababu kisiwa hiki ni cha watu wenye heshima zao na matumbawe yake hayatohimili vurugu. Ila hoteli hata iwe moja lazima inunue mboga, mayai, kuku na samaki wa Pemba. Hoteli nyingi za Zanzibar zinapakia nyanya na mayai kutoka Bara, na ukiangalia ardhi yetu hii inauma. Kijana mwenye kisima, umwagiliaji wa matone na banda la kuku karibu na Konde ana biashara.

Micheweni nayo isisahauliwe. Eneo huru la uchumi lilitengwa miaka ya 90 mwanzoni, zaidi ya hekta 800, na kwa miaka mingi limebaki kuwa pori na mawe wakati mwenzake Fumba huko Unguja majumba yanaota. Micheweni ndio wilaya inayotajwa kila mara kwenye habari za umaskini Zanzibar, kwa hiyo kiwanda kimoja tu pale kinabeba maisha ya shehia nzima. Sheria mpya ya uwekezaji ya 2023 ipo, ZIPA, ile mamlaka ya kukuza uwekezaji Zanzibar, wapo, na serikali inasema wazi kwamba anayewekeza Pemba anapewa unafuu zaidi. Kuwa makini na ardhi tu. Zanzibar ardhi ni mali ya serikali, mgeni anakodishwa, na Pemba kuna jambo la ziada, unaweza kukuta shamba ni la eka tatu alilopewa babu baada ya Mapinduzi, minazi ya huyu, mikarafuu ya yule, warithi wako Unguja, Mombasa na Maskati. Usilipe hata shilingi kabla hujaonana na sheha na kamisheni ya ardhi, na kabla hujakaa na ukoo wenyewe barazani ukasikia kila mtu anasema nini.

Na hapa ndipo nawageukia Wapemba wenzangu. Nenda Kariakoo, nenda Tanga, nenda Mombasa, duka la Mpemba lipo, tena linafunguliwa mapema na kufungwa usiku. Sisi kuuza tunajua kuliko watu wengi pwani hii. Hela zetu tunazirudisha nyumbani kwa nyumba nzuri ya matofali na msikiti, na ni jambo la kheri, lakini nyumba imefungwa mwaka mzima inasubiri Idi. Ndugu zangu kumi wa shehia moja wakikubaliana kila mmoja atoe gharama ya chumba kimoja tu cha nyumba hiyo, kaushio la karafuu linapatikana kabla ya msimu ujao, na duka la kuuzia viungo vilivyofungashwa wanalo tayari Dar. Kama wapo wanaotokea Mtambwe, Kangagani au Kengeja na wana nia, niandikieni hapo chini mseme shehia yenu inakausha magunia mangapi kwa msimu mzuri, tuanze hesabu.