Mdogo wangu wa Cape Town

Wapo akina mama wenzangu wa kanisani wanaoniuliza kwa nini bado nampokea nyumbani kwangu mdogo wangu wa Cape Town, anayetetea ndoa ya watu wa jinsia moja. Naandika kwa sababu jibu la kusimama mlangoni baada ya Misa halitoshi.

Huyo ninayemwita mdogo wangu si wa tumbo moja nami. Tulisomea uuguzi Muheza, tukalala chumba kimoja, tukapokezana zamu za usiku wodi ya wazazi. Sote Wabondei, sote Waanglikana. Mimi nilibaki Tanga, yeye akapata kazi Cape Town na ndiko anakozeekea. Mume wangu alipofariki, alikata tiketi usiku uleule, akaja akalala nami mkekani mpaka arobaini ikapita. Ndugu wa damu walishaondoka zamani.

Tunachobishania ni ndoa ya watu wa jinsia moja. Yeye anasema serikali haina haki ya kuwanyima. Mimi nasema ndoa ni ya mume na mke, Mungu ndiye aliyeiweka, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hapa kwetu, kifungu cha 9, inataja hivyohivyo: muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Nataka ibaki ilivyo.

Watu hudhani urafiki kama huu unadumu kwa kunyamaza. Sisi hatunyamazi. Jioni, tukiwa barazani kwangu Chumbageni na sahani ya mihogo na chachandu, ndipo mambo huanza. Hutangulia na la kwao: Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua mwaka 2005 kwamba kuwanyima ni kuvunja katiba, na Bunge likapitisha sheria mwaka 2006, ya kwanza Afrika. "Na kanisa, dada, nani amelilazimisha?" Hapo hunitajia Mpho, binti wa Askofu Mkuu Desmond Tutu, aliyekuwa padri. Alipofunga ndoa na mwanamke Mholanzi, ilibidi arudishe leseni yake ya upadri mwaka 2016. Sheria ya nchi ilikuwa imeruhusu kwa miaka kumi, baba yake ni Tutu mwenyewe, na bado kanisa la huko lilishika kanuni yake. Hoja hiyo ni nzito, sijaweza kuipangua, na nimemwambia hivyo.

Nami ninayo yangu. Sheria ile ya 2006 ilimruhusu afisa wa serikali kukataa kufungisha ndoa ya namna hiyo ikiwa dhamiri yake inamzuia. Mwaka 2020 kifungu hicho kikafutwa. Padri ana kanisa la kumkinga, sawa. Je, yule afisa Mkristo aliyeingia kazini akijua dhamiri yake inalindwa? Siku nilipomuuliza alifikiri sana, kisha akasema mtumishi wa serikali humhudumia kila mwananchi, kama sisi tulivyompokea kila mgonjwa aliyeletwa. Hakunishawishi, lakini alijua pa kunigusa.

Maana wodini hatukuwa tukimuuliza mtu analala na nani. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 154, inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha, kwa kujamiiana kinyume cha maumbile. Ndoa yao naikataa, na kifungo hicho nakikataa pia, nasema waziwazi. Mgonjwa anayeogopa gereza haji zahanati, au huja na maelezo ya uongo, na ukimtibu kwa hayo aliyokudanganya unaweza kumuua. Nimeufanya uuguzi maisha yangu yote. Hili sihitaji kufundishwa na mtu wa Cape Town wala wa Tanga.

Tuna desturi moja, na naona ndiyo iliyotubeba. Kabla sijamjibu, namrudishia hoja yake kwa maneno yangu. Akisema "hapana, dada, sijasema hivyo," naanza upya. Naye hunifanyia vilevile. Haniiti mtu wa chuki, wala mimi simwambii amepotezwa na Wazungu.

La Februari 2007 bado linaniuma. Maaskofu wakuu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam, na saba kati yao wakakataa kukomunika pamoja na kiongozi wa kanisa la Marekani, Katharine Jefferts Schori, kwa sababu ya mambo hayahaya. Kwa mafundisho niko upande wa wale saba. Kwa kususia meza, siko. Mdogo wangu akija Tanga tunakaa benchi moja na kunywa kikombe kimoja, na anayekerwa na hilo aende akamweleze padri.

Safari hii amenitaka nisome hukumu yenyewe ya 2005, iliyoandikwa na Jaji Albie Sachs, yule aliyepoteza mkono kwa bomu la makaburu huko Maputo mwaka 1988. Naisoma kwenye simu, polepole, kamusi pembeni. Nimefika mahali anaposema hakuna kiongozi wa dini atakayelazimishwa kufungisha ndoa hizo, nikampigia kumwambia hapo kasema vema. Mengine nimeyaandika daftarini, tutabishana Desemba akija.