Mstari wa Manjano

Umeme ulipozimika Unguja nzima Disemba 2009, gereji aliyokuwa akifanyia kazi ami yangu ikanyamaza. Yeye ni fundi rangi wa magari, na kompresa ya kupulizia rangi haiendi bila ya umeme. Giza lile lilidumu mpaka Machi 2010, na jioni zile zote nikawa nampata nyumbani.

Nilikuwa nachonga ndege kwa ubao wa msufi: Cessna Caravan, kama zile zinazovuka kwenda Pemba. Kipimo changu kilikuwa 1:48, kwa hiyo mabawa ya karibu mita 16 yakawa sentimita 33. Mwili ulitoka vizuri. Kilichonishinda ni bendera ya Tanzania kwenye mkia, sentimita 3 kwa 2, na ile mistari miwili ya manjano inayoukumbatia mkanda mweusi. Nilibandika tepu ya karatasi, nikapaka nyeusi, nikabandua. Nyeusi imepenya chini ya tepu, imeota miguu kama tandu! Nikafuta kwa mafuta ya taa, nikarudia, ikapenya tena. Mara ya tatu machozi yalinilengalenga.

Ami akasogeza kandili. Akaibandika tepu juu ya kioo, akaikata upya kwa wembe, maana ukingo wake wa dukani huwa umeshashika vumbi. Tukapaka manjano upya, tukaacha siku mbili ikauke. Kisha akabandika vipande viwili, vyembamba kuliko njiti ya kibiriti, akavisugua kwa ukucha. Nikashika brashi ya nyeusi.

“Ngoja, mwanangu. Tia manjano tena, juu ya ukingo wa tepu.”

Manjano juu ya manjano?

“Rangi itapenya tu. Basi ipenye ile ile ya chini. Ikishaziba, nyeusi haina pa kupita.”

Kijani, buluu, mwisho nyeusi, zote nyembamba, kila moja na siku yake. Upande wa kulia wa mkia bendera akaigeuza, upande wa mlingoti uelekee puani mwa ndege, kwani ndege ikienda mbele bendera hupeperukia nyuma. Peke yangu ningeikosea.

Kubandua aliniachia mimi, nyeusi ingali laini kidogo. Nikaikunja tepu ikalalia mgongo wake, nikaivuta taratibu, pumzi nimezizuia. Ukatoka mstari wa manjano, umenyooka kama uzi wa mwashi. Ami akaunyanyua mkia kwenye kandili, akautazama kwa muda mrefu, kisha akamwita bibi aje aone.